Chenga za kakao kwenye bia ya kupika nyumbani: hatua kwa hatua

Kila ninapomwonjesha mtu bia yangu nyeusi ya kakao, wiki haiishi kabla simu haijaita. "Buda, nimenunua pakiti ya kakao, sasa namwaga lini?" Mwingine anauliza kama anaweza kutumia chokoleti ya unga ile ya kukoroga na maziwa. Wa tatu ameshamwaga, na sasa ndoo nzima inanuka siki. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nachukulia kwamba umeshapika bia nyumbani angalau mara moja na unajua kuua vijidudu kwenye vyombo. Kama hujawahi, pika kwanza bia ya kawaida, kisha urudi.

Kabla ya yote, shika jambo hili: chenga za kakao hazileti utamu. Chokoleti unayoijua tangu utotoni ni sukari, maziwa na vanila, na kakao ndani yake ni sehemu tu. Ukiondoa hivyo vingine inabaki harufu nzito, uchungu, na ukakasi kidogo kama wa ndizi mbichi. Hicho ndicho chenga zitakachoipa bia yako. Kwa hiyo una kazi mbili: kupika bia yenye utamu na uzito wa kutosha kuipokea kakao, na kujua siku ya kuzitoa chenga. Siku hiyo kalenda haiijui. Ulimi ndio unaoijua.

Chenga zenyewe

Ni mbegu za kakao zilizochachushwa shambani, zikakaushwa, zikavunjwa na maganda yake yakapepetwa, kama vile mchele unavyotoa chenga. Pakiti nyingi utazikuta zimeandikwa "nibs", kwa hiyo dukani uliza nibsi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta ni adui wa povu. Kakao inalimwa hapa jirani, Bundibugyo nchini Uganda, na Kyela na Kilombero nchini Tanzania. Nairobi utazipata kwenye maduka ya vyakula vya kiafya na kwa wauzaji wa vifaa vya kuoka keki.

Nunua zisizo na sukari wala chokoleti juu yake. Soma pakiti uone kama zimekaangwa au ni mbichi. Ukifungua, nusa. Harufu kidogo ya siki si tatizo, moto utaiondoa. Harufu ya mafuta yaliyochacha au ya gunia lenye unyevu haiondoki kwa moto wala kwa kitu kingine, kwa hiyo zirudishe dukani.

Chokoleti ya unga ya kunywa ina sukari na mara nyingi maziwa. Achana nayo. Chokoleti ya baa vilevile, kwa sababu ina mafuta, sukari na mara nyingi maziwa. Unga wa kakao mtupu unaweza kutumika, lakini huo hutiwa dakika tano za mwisho za kuchemsha na huacha tope zito chini ya ndoo. Chenga ni safi zaidi na zinakupa nafasi ya kusimama unapotaka.

Andaa hivi kwanza

Kwa lita 20 za bia:

- Chenga za kakao gramu 150. Gramu 100 zitakupa harufu ya mbali, na 200 zitamfanya kila mtu aseme chokoleti bila kuambiwa. Ukipita 250 unacheza na ukakasi. Anza na 150.
- Vodka kota moja, yaani mililita 250, ya asilimia 40, isiyo na ladha yoyote. Nunua duka lenye leseni, chupa iwe imefungwa na stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, iwepo. Usitumie spiriti ya viwandani, ya hospitali, wala pombe ya kupimiwa kwenye jerikeni. Hizo zinaua.
- Chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye kifuniko. Ile ya jamu au ya asali inatosha.
- Mfuko wa kitambaa chepesi. Mimi hushona wa melikani, mkubwa mara tatu ya chenga zenyewe.
- Gololi sita au saba za kioo za kuuzamisha mfuko, na uzi imara usio na rangi.
- Mizani ya jikoni, haidromita (kipimo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha sukari iliyobaki), na bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa. Sindano yenyewe huihitaji.
- Dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa.

Watu wengi hapa hutumia jiki. Inaua vijidudu vizuri, lakini klorini ikibaki kwenye chombo huungana na viungo vya bia na kuleta harufu ya plasta ya hospitali, ambayo haitoki tena. Ukilazimika kuitumia, suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya mfereji nayo yana klorini. Maji ya Nairobi yanayotoka Ndakaini ni laini na mazuri kwa bia, ila yachemshe au yaache wazi usiku kucha kwanza.

Neno moja la sheria: Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inataka leseni kwa kutengeneza na kwa kuuza kileo. Ulizia suala la leseni kwenye ofisi ya kaunti kabla ya kuwasha jiko, na usiuze hata chupa moja bila leseni.

Bia ya kuipokea kakao

Kakao ikiingia kwenye bia nyepesi ya rangi ya dhahabu inabaki peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Pika stauti au pota, yaani bia nyeusi. Yangu ya lita 20 ni kilo 4.5 za kimea cheupe, gramu 500 za oti bapa za uji, gramu 400 za kimea cha karameli, gramu 300 za kimea cha chokoleti, na gramu 200 za shayiri iliyokaangwa. Hicho kimea cha chokoleti hakina chokoleti ndani. Kinaitwa hivyo kwa rangi na harufu ya kukaangwa kwake, na wengi huchanganyikiwa hapo. Loweka nafaka kwenye nyuzi 67 hadi 68 kwa saa moja. Joto hilo huacha sukari ambayo hamira haiwezi kuila yote, na huo ndio utamu unaoutaka. Haidromita isome karibu 1.058 mwanzoni.

Punguza hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kwa moja ya tano ya unavyozoea, kwa kuwa kakao inakuja na uchungu wake. Ukitaka ladha iwe karibu zaidi na chokoleti ya maziwa, tia gramu 400 za sukari ya maziwa, laktosi, dakika kumi kabla ya kuzima moto. Hamira haiili. Lakini waambie wageni wako, maana wako ambao matumbo yao hayapatani na maziwa.

Hatua za kazi

1. Acha bia ichache hadi mwisho. Usitie chenga wakati wa kuchemsha wala siku hamira inapochemka kwa nguvu. Mvuke na gesi vitabeba harufu uliyoilipia na kuipeleka hewani. Subiri haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo, kwa kawaida kati ya 1.014 na 1.020 kwa bia kama hii. Ukiwa umetia laktosi, itaishia juu zaidi. Julai nyumba zetu ni baridi na hamira inajivuta, kwa hiyo funika ndoo kwa blanketi na uipe wiki mbili kamili kabla ya kuanza kuhesabu.

2. Kaanga chenga. Fanya hivi hata kama pakiti inasema zimekaangwa, ila kwa muda mfupi zaidi. Weka kikaango kizito kikavu kwenye moto mdogo, mwaga chenga zote, na usiache kukoroga kwa mwiko. Dakika ya pili hivi siki itakupanda puani. Hiyo ni asidi iliyobaki tangu kakao ilipochachushwa, na ndiyo unayoifukuza. Kisha harufu inageuka polepole kuwa ya mkate, halafu ya keki iliyo karibu kutoka kwenye oveni, na utasikia chenga zikilia ta-ta-ta. Mbichi huchukua kama dakika 8, zilizokaangwa tayari dakika 3. Harufu ya keki ikijaa jikoni, zimwage kwenye sinia mara moja. Zikibaki kwenye kikaango zinaendelea kuiva hata kama umezima moto.

   Kosa kubwa hapa ni kungoja zitoe moshi. Zikishatoa moshi umepata jivu, na bia ya jivu hainyweki.

3. Ponda kidogo tu. Zikipoa, zivunje kwenye kinu mara chache, punje kubwa zipasuke vipande viwili vitatu. Usizisage kuwa unga. Unga hutoa mafuta na ukakasi haraka kuliko unavyoweza kudhibiti, na hupenya kwenye melikani.

4. Loweka kwenye vodka. Mimina chenga kwenye chupa safi, tia vodka hadi zifunikwe, funga, weka kabatini. Itikise kila asubuhi. Siku ya nne au ya tano utaona rangi ya kahawa na utapata harufu nzito ukifungua. Vodka inafanya kazi mbili: inaua vijidudu vilivyo kwenye chenga na inavuta harufu ambazo maji peke yake hayazivuti. Usiwe na wasiwasi wa kuongeza kilevi. Kota nzima kwenye lita 20 huongeza kama nusu asilimia.

5. Toa mafuta. Wengi wanaruka hatua hii kisha wananipigia kuhusu povu. Weka chupa kwenye friza usiku kucha. Vodka haigandi, lakini mafuta ya kakao yanaganda, na asubuhi utakuta vipande vyeupe vya manjano vimeelea juu kama nta ya mshumaa. Vitoe kwa kijiko kilichochemshwa kabla chupa haijapata joto. Halafu chota mililita 50 za maji yale ya kakao, uyaweke pembeni kwenye kichupa safi, yafungwe. Utayahitaji siku ya mwisho.

6. Andaa mfuko. Chemsha melikani, gololi na uzi kwa dakika 15. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, kwa hiyo dakika hizo za ziada zina maana. Nawa mikono, ikamue, weka gololi kwanza, kisha mwaga chenga ndani, na ufunge kwa nafasi. Chenga zikibanwa kama soseji bia haipiti katikati.

7. Zamisha. Fungua ndoo, teremsha mfuko polepole, mwagia maji ya kakao yaliyobaki, funga. Iwe kazi ya nusu dakika. Usimwage kutoka juu wala usikoroge, kwa sababu hewa ikichanganyika na bia iliyokwisha kuchacha huleta ladha ya boksi la karatasi. Acha mkia wa uzi utoke nje ya kifuniko ili baadaye uuvute mfuko bila kuvua samaki. Huhitaji kuhamishia bia kwenye ndoo ya pili. Kila kuhamisha ni hewa, na faida yake kwa bia hii siioni.

8. Onja. Kuanzia siku ya tatu, chota kidogo kwa kikombe kilichosafishwa kila siku, wakati ule ule, kabla ya chakula. Siku ya tatu utapata harufu tu. Siku ya nne au ya tano ladha inashuka ulimini. Sikiliza kinachotokea *baada* ya kumeza: pande za ulimi zikianza kukauka na mashavu kuvutwa ndani, ukakasi umeanza, na haurudi nyuma kirahisi. Toa mfuko siku ile ladha inapokuwa imezidi *kidogo* unavyoipenda, kwa sababu gesi na wiki za kukaa chupani zitaipunguza. Kwangu hiyo huwa siku ya tano hadi ya saba. Februari na Machi, nyumba ikiwa na nyuzi 25, nimewahi kuutoa siku ya nne.

   Bia yangu ya kwanza ya kakao niliweka gramu 400 na nikasafiri kwenda nyumbani wiki tatu. Niliporudi ilikuwa kama kutafuna ganda la mti. Nikaingoja miezi minne nikitumaini italainika. Haikulainika.

9. Vuta mfuko. Uinue, uache udondoke kwa dakika moja, usiukamue. Kukamua kunatoa mafuta na ukakasi wote ulioukwepa tangu mwanzo.

   Chenga zilizotumika zifunge kwenye karatasi na uzitupe mahali ambapo mbwa hafiki. Kakao ina theobromini, na kwa mbwa hiyo ni sumu hata kama zimelowekwa tayari. Usizimwage uani.

10. Sawazisha kwa sindano. Sasa toa kile kichupa cha mililita 50. Pima mililita 100 za bia kwenye glasi, ongeza robo mililita ya maji ya kakao, onja. Hesabu ni nyepesi: robo mililita kwenye glasi ya 100 ni mililita 50 kwenye lita 20, yaani kichupa chote. Ukihitaji nusu ya hapo, mimina nusu. Ikiwa ladha inatosha, usiongeze chochote.

11. Tia chupani. Chemsha gramu 100 za sukari nyeupe kwenye kikombe cha maji, acha ipoe, iweke kwenye ndoo safi, kisha ivutie bia juu yake kwa mpira ili zichanganyike zenyewe. Hiyo ni gramu 5 kwa lita, kiasi kinachoipa stauti gesi laini. Tumia chupa nene za kahawia za bia, si za maji wala za juisi. Ziache sehemu ya giza wiki tatu. Ukionja wiki ya kwanza utasikia vodka na uchungu vikigombana. Wiki ya tano vinakuwa kitu kimoja.

Mambo yakienda mrama

*Haina ladha ya chokoleti kabisa.* Mara nyingi chenga hazikukaangwa au zilitiwa bia ikiwa bado inachacha. Kama hujatia chupani, loweka gramu 75 nyingine kwenye vodka siku nne, zipitishe friza, chuja, na utie maji yake pekee kwa kipimo cha sindano. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii: unaionja ikiwa baridi sana. Itoe kwenye friji, iache dakika 15, uonje tena. Na kama bia yako ni kavu, kakao ipo lakini ulimi hauitambui kwa kukosa utamu. Kipande cha vanila, nusu ganda lililopasuliwa na kulowekwa pamoja na chenga, husaidia sana hapo.

*Ina ukakasi.* Chenga zilikaa mno, au zilisagwa, au mfuko ulikamuliwa. Ipe mwezi. Ikiwa imebaki hivyo, ichanganye nusu kwa nusu na stauti isiyo na kakao wakati wa kunywa.

*Povu linakufa haraka.* Ni mafuta. Angalia pia glasi yako, kwa sababu glasi iliyooshwa na sabuni ya vyombo na kufutwa kwa kitambaa cha jikoni huua povu la bia yoyote. Isuuze kwa maji mengi, ujaribu tena, kabla hujailaumu kakao.

*Kuna kitu juu ya bia kwenye ndoo.* Chungulia kwa tochi. Vidoti vidogo vinavyong'aa kama vya mchuzi ni mafuta ya kakao. Ukivuta bia kutoka chini yake, vitabaki ndooni. Utando mweupe wenye mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ni vijidudu. Nusa na uonje tone. Ikiwa haijaingia ladha ya siki bado, tia chupani upesi, weka zote kwenye friji, unywe mapema. Ukiona kuvu zenye manyoya, kijani au nyeusi, mwaga yote.

*Inanuka siki.* Kama ilinuka hivyo tangu siku chenga zilipoingia, ni asidi ya kakao isiyokaangwa, na hupungua kidogo kwa kukaa. Kama siki inaongezeka kila wiki, bakteria wamepata hewa. Hiyo haiponi. Safisha ndoo, na mpira wa kuvutia bia ununue mwingine.

*Chupa zinafoka au kupasuka.* Hukungoja haidromita itulie siku tatu, au sukari ilizidi. Zifunike zote kwa blanketi zito, vaa miwani, ziingize kwenye friji bila kuzitikisa, na uzifungue moja moja juu ya sinki zikiwa baridi kabisa. Watoto wasiwe jikoni wakati huo.